Matairi ya kuteremka mlima

Leo hakuna msimbo wala hifadhidata. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya Python, subirini kidogo, bado iko jikoni. Leo ni matairi ya baiskeli.

Msicheke kwanza. Nimesomea sayansi ya tarakilishi chuoni miaka minne, nimelipwa kuandika programu tangu nitoke huko, na sikumbuki kukutana na tatizo la kuchagua lenye masharti yanayogombana kama hili. Unataka kitu kinachoshika ardhi lakini kisikuvute nyuma. Unataka kiwe kigumu kuchanika lakini kiwe laini kikikutana na jiwe. Ukivuta upande mmoja, upande wa pili unalegea. Na programu ikianguka unaiwasha tena, lakini hapa anayeanguka ni mtu.

Kwa wasioujua mchezo huu: mbio za kuteremka mlima hukimbiwa mtu mmoja mmoja, dhidi ya saa. Unaanzia juu, unamalizia chini, na katikati kuna mawe, mizizi, kona na mahali pa kuruka. Katika mashindano makubwa ya Kombe la Dunia mbio moja huchukua dakika 2 hadi 5 hivi. Mtu anafanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya dakika 4, halafu mshindi na wa pili wanatenganishwa na muda mfupi kuliko wa kusema jina lako. Baiskeli zenyewe zina shoku za mbele na nyuma zinazobonyea karibu milimita 200. Lakini pamoja na teknolojia yote hiyo, kinachogusa ardhi ni vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko kiganja cha mtoto.

Chukua mfano wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2013. Yalikuwa mashindano ya ubingwa wa dunia, na Greg Minnaar alikuwa akikimbia mjini kwao. Njia ile ilichukua karibu dakika 4. Alipokaribia mwisho, tairi lake la nyuma likapata pancha. Alivuka mstari bila upepo nyuma, na bado akashinda, mbele ya Michael Hannah wa Australia, kwa tofauti ya chini ya nusu sekunde. Watu huipenda hadithi hii kama hadithi ya ushujaa, na ni kweli. Mimi huwa najiuliza jambo lingine: ingekuwaje kama jiwe lile lingekuwa juu zaidi mlimani?

Jibu tunalo. Mwaka 2014, Leogang, Austria, Aaron Gwin wa Marekani alipoteza upepo wa tairi la nyuma mapema katika mbio zake. Akateremka hivyo hivyo, rimu ikigonga mawe, watu wakimshangilia kama wendawazimu. Ushindi ukaenda kwa mwingine. Mwaka uliofuata, 2015, mahali pale pale, mnyororo wake ulikatika pale mwanzoni kabisa. Akashinda! Bila mnyororo. Mlima ukiwa mkali, mnyororo ni kitu unachoweza kuishi bila. Tairi ni kitu kingine. Sisi waandishi wa programu tunajua ile sehemu moja ya mfumo ambayo ikifa, kila kitu kinakufa nayo. Baiskeli ya kuteremka ina sehemu mbili za aina hiyo, na zote zimejaa hewa.

Sasa nije kwa yaliyonifanya nisome haya yote.

Mdogo wangu anateremka. Ana miaka 22 na amekuwa akishuka vilima vya Ngong tangu aliponunua baiskeli ya mitumba, moja ya zile zinazoletwa kutoka Ulaya zikiwa zimetumika lakini bado zina uhai. Mwaka jana ubavu wa tairi lake la nyuma ulichanika kwenye jiwe, upepo ukatoka wote mara moja, baiskeli ikageuka, naye akavunjika mtulinga. Wiki sita mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Tairi lile sina haja ya kulitaja jina kwa sababu halikuwa na hatia. Lilitengenezwa kwa ajili ya safari za kupanda na kushuka msituni, na kazi hiyo lilikuwa likiifanya vizuri tu.

Mama hakusema mengi. Siku ya kutoka hospitalini alinivuta kando akaniambia, "Wewe ndiwe mkubwa. Mimi sina nguvu za kuja hapa tena." Basi. Hakumkataza, hakunikataza. Wanaomjua Mama wanajua kwamba hilo ni zito kuliko kukatazwa.

Mfupa umepona. Mwezi wa Desemba kuna mbio ndogo, washiriki ni wachache na zawadi si ya kupigania, na kijana ameshajiandikisha. Akanijia: "Kaka, nina pesa za matairi mawili peke yake. Ninunue gani?" Wapo watakaosema ningemwambia aache. Ana miaka 22. Angeshuka hata bila mimi, na angeshuka na matairi ya bei rahisi. Nikaona afadhali niwe ndani ya uamuzi kuliko nje.

Yeye alikuwa amekwisha kuchagua, kama kawaida ya vijana, kwa kutazama meno. Watu wote hutazama meno. Ukiingia dukani unalishika tairi, unalitazama usoni, unasema hili litashika. Lakini kilichomvunja mtulinga hakikuwa meno. Kilikuwa ganda, na kwa ganda ndipo nitakapokaa sana leo.

Tairi si mpira mtupu. Chini ya mpira kuna kitambaa cha nyuzi za nailoni, na mpira umemiminwa juu yake. Nguvu ya tairi iko katika kitambaa hicho. Tairi la kawaida la msituni lina kitambaa chembamba, pengine na kinga kidogo ubavuni. Tairi halisi la kuteremka lina kitambaa mara mbili kutoka ukingo hadi ukingo, na mpira wa ziada karibu na rimu. Ndiyo maana la kwanza linaweza kuwa na gramu 900 au 1,000 na la pili gramu 1,200 hadi 1,400, hata kama meno yao ni yale yale kabisa, na hata kama jina ubavuni ni lile lile. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Jina kubwa lililoandikwa ni jina la meno. Ganda limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Maxxis, kwa mfano, wana tairi moja, tuseme Minion DHF, katika maganda kadhaa: EXO, EXO+, DoubleDown, na DH. Mtu anasema "nina Minion" akadhani amesema kitu. Ni kama kusema "nina Linux".

Kuna nambari nyingine ya kumchanganya mtu, ile ya nyuzi kwa kila inchi. Utaona 60 au 120, na akili inakwambia 120 ni bora maradufu. Sivyo. Nyuzi zikiwa nyingi katika inchi moja lazima ziwe nyembamba, kwa hiyo kitambaa kinakuwa chepesi na kinyumbufu. Matairi mazito ya kuteremka aghalabu yana 60, nyuzi nene, halafu kitambaa kinakunjwa mara mbili. Ni habari ile ile ya megapikseli za kamera za simu, nambari inayopanda huku picha ikibaki ilivyokuwa.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifurahisha. Nilidhani ganda zito ni bima tu: unalipa kwa uzito na kwa pesa, unapata kutopasuka, na katika kushika ardhi unapoteza kidogo. Kumbe ni kinyume. Tairi jembamba, ukilitia upepo kidogo, ubavu wake unakunjika kwenye kona na unahisi baiskeli inakimbia chini yako kama mkeka juu ya sakafu iliyopigwa dawa. Tena jiwe likilibana tairi mpaka kwenye rimu, unapata matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Kujikinga na yote mawili unaongeza upepo. Ukiongeza upepo tairi linakuwa gumu, halikumbatii jiwe bali linaruka juu yake, na kila linaporuka hulishiki chochote. Tairi zito linasimama kwa ubavu wake lenyewe. Kwa hiyo unaweza kupunguza upepo. Ukipunguza upepo, mpira mwingi zaidi unalala juu ya ardhi. Gramu zile 300 ulizozilalamikia ndizo zinazokununulia mshiko. Nani angefikiri?

Hili huwezi kumweleza fundi wa baiskeli pale chini ya mti. Nimejaribu. Kwake yeye tairi zuri ni lile ukiligonga kwa kidole linalia. Na kwa kazi anayoifanya ana haki: Black Mamba iliyobeba mitungi ya maziwa kwenye barabara ya murram inataka upepo mwingi, la sivyo rimu inakwisha. Barabara ikiwa laini na mzigo ukiwa mzito, pampu mpaka mkono uume. Lakini kwenye mawe tairi lina kazi ya kubadilika umbo kila sekunde. Waendeshaji wengi wa mbio hizi huwa kati ya psi 22 na 28, ambayo ni pungufu ya upepo wanaoutia kwenye gari dogo kituoni. Nyuma hupata psi 2 au 3 zaidi ya mbele, maana uzito na mapigo mengi yako nyuma.

Na tafadhali, tumieni kipimo kimoja. Pampu mbili zitakupa nambari mbili kwa tairi lile lile. Haijalishi ipi inasema kweli. Kinachotakiwa ni kwamba 24 ya leo iwe ndiyo 24 ya Jumamosi ijayo. Aliyewahi kutafuta hitilafu kwa kulinganisha kumbukumbu za seva mbili zenye saa tofauti anajua uchungu huu.

(Tyubu? Siku hizi wengi wameziacha. Tairi linafungwa moja kwa moja kwenye rimu maalumu iliyozibwa, ndani unatia maji mazito yanayoziba matundu madogo yenyewe. Bila tyubu, yale meno mawili ya nyoka hupungua sana. Wengine huongeza ndani mduara wa sponji ngumu unaokinga rimu. Ni kitu kizuri, lakini bei yake ingekula nusu ya tairi letu, tukauacha.)

Tuje kwa mpira wenyewe. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore A: sindano ndogo inabonyezwa juu ya mpira na nambari inasomwa, kadiri ilivyo ndogo ndivyo mpira ulivyo laini. Mpira wa mbio za kuteremka unaweza kuwa 42 hivi. Ule wa kudumu unaweza kuwa 60. Lakini ugumu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kasi ambayo mpira unarudi ukishabonyezwa. Chukua mpira wa mtoto wa kuchezea, udondoshe sakafuni, unaruka. Chukua donge la udongo wa mfinyanzi, udondoshe, linakaa. Mpira wa mbio umetengenezwa uelekee upande wa donge. Ukipita juu ya jiwe unabonyea, unalifuata umbo lake, na hauna haraka ya kurudi. Nishati ya pigo inapotelea ndani yake kama joto, badala ya kurudishwa kwenye baiskeli kama mruko.

Ubaya ni huo huo uzuri. Nishati inayopotea ndani ya mpira ni kasi uliyoinunua kwa miguu yako. Njia ya Pietermaritzburg ilikuwa na sehemu ndefu ya kukanyaga pedeli, na pale mpira wa kunata kupita kiasi unakudai. Tena huisha haraka. Meno laini yakikutana na mawe makali huchanika kwenye mizizi yake, na pesa yako inabaki mlimani. Ndiyo maana viwanda huchanganya: mpira mgumu chini ya jino ili lisipinde, laini juu, na laini zaidi kwenye meno ya pembeni.

Njia ya kupima bila maabara ni ukucha. Bonyeza ukucha kwenye jino la tairi, uondoe, utazame alama. Kwenye mpira wa mbio alama inajaza taratibu, unaiona kwa macho ikirudi. Kwenye mpira wa kawaida inaruka mara moja. Tulizunguka kwenye mitumba Jumamosi nzima tukichoma kucha kwenye matairi ya watu, wenye maduka wakitutazama kama wachawi. Tulipata tairi la kuteremka lenye ganda zito, meno yake yamejaa, bei ya kutupa. Ukucha haukuingia. Mpira unazeeka hata kama haukutumika. Jua na hewa huukausha. Tairi lile lilikuwa limekaa mahali miaka mingi likigeuka kuwa plastiki. Tukaliacha, na kijana alinuna mpaka nyumbani.

Meno sasa, kwa kifupi, maana kuhusu meno kila mtu ana maoni. Meno ya katikati ni ya kuviringika na kufunga breki. Ya pembeni ni ya kona. Lile linaloegemezwa mbele hukwaruzwa upande mmoja ili lipande juu ya mawe kwa urahisi, na upande wa pili huachwa wima ili likamate ukifunga breki. Kwa hiyo mshale ubavuni una maana, msiupuuze. Minion DHF, ambalo limekuwepo zaidi ya miaka 20, lina nafasi wazi kati ya meno ya katikati na ya pembeni, kama mfereji. Ukiilaza baiskeli kwa ujasiri unauvuka mfereji na kuyapata meno ya pembeni, na hapo linashika kama gundi. Ukiwa na woga, ukailaza nusu nusu, unabaki ndani ya mfereji na tairi linaelea kidogo. Mwaka 2018 Maxxis walitoa Assegai, tairi walilolibuni pamoja na yule yule Minnaar, likabeba jina la mkuki wa kusini mwa Afrika. Kwenye mfereji ule wametia meno ya kati. Halina pengo. Linaviringika pole pole zaidi, lakini halikuulizi kama wewe ni jasiri.

Kwa mtu anayerudi baada ya kuvunjika mfupa, hilo kwangu lilikuwa la maana kuliko gramu. Woga haukuonekana mdomoni mwake, lakini nilikuwa nimesimama kwenye kona Ngong nikimtazama, na baiskeli haikuwa ikilala kama zamani.

Yeye alitaka meno ya matope. Amewaona kwenye video: meno marefu, yaliyotengana, kama misumari. Yana kazi yake. Matope yanapokuwa mazito, meno marefu hupenya hadi kwenye ardhi ngumu ya chini, na nafasi kubwa kati yake huachilia udongo badala ya kuubeba. Matope ni ulimwengu mwingine. Champéry, Uswisi, mwaka 2011, Danny Hart wa Uingereza alishinda ubingwa wa dunia kwenye mvua na matope kwa zaidi ya sekunde 11, katika mchezo ambao kwa kawaida hupimwa kwa vipande vya sekunde. Mshiko unapokuwa adimu, mwenye nao anakuwa tajiri.

Lakini misumari ile ikikutana na jiwe gumu inapinda. Unaegemea kona, jino linalala, baiskeli inasogea nusu hatua kabla ya kushika. Mafundi wa timu kubwa hukata ncha za misumari hiyo kwa koleo, jino kwa jino, ili ibaki mifupi na isipinde sana. Kazi ya masaa kwa ajili ya dakika 4. (Ni watu hao hao ambao, mkimbiaji akitaka tairi la kampuni isiyomlipa, hupaka jina la ubavuni kwa kalamu nyeusi ili mdhamini asione. Ukiona kwenye picha tairi lisilo na jina, unajua kuna mtu amechagua kushinda kwanza na kueleza baadaye.)

Na hali ya hewa haikusubiri. Katika Kombe la Dunia aliye na kasi zaidi kwenye mchujo hushuka wa mwisho. Mont-Sainte-Anne, Kanada, mwaka 2017, wa mwisho huyo alikuwa Gwin, na mvua kubwa ilikuwa imeshaigeuza njia. Waliotangulia walikimbia kwenye mlima mkavu, yeye kwenye mto. Akashinda na hilo pia. Sisi wengine hatuwezi kupanga kwa kumtegemea Gwin.

Desemba yetu ni ile ile. Mvua za vuli zinaweza kuwa zimekwisha na Ngong ikawa vumbi, au zinaweza kuendelea na ule udongo mweusi unaonata ukajaa mpaka gurudumu likagoma kuzunguka kwenye fremu. Pesa ni ya jozi moja. Mwenye jozi moja hachagui tairi bora la matope wala tairi bora la vumbi. Anachagua lile ambalo katika hali mbaya zaidi halitamtupa. Chuoni tulifundishwa kuchambua hali mbaya zaidi na nikaona ni hesabu za mitihani.

Tulijaribu kupima kwa saa. Rafiki zake wawili walituazima magurudumu yao, tukachagua kipande kimoja cha njia, mimi chini na simu, yeye akishuka. Nilimlazimisha abadilishe kila baada ya mzunguko: seti ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Angekimbia seti moja mara tano na nyingine mara tano, seti ya pili ingeonekana bora kwa sababu tu ameshaijua njia. Nikaziingiza nambari kwenye skripti ndogo. Matokeo: tofauti kati ya mizunguko yake mwenyewe, kwenye matairi yale yale, ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya seti hizo mbili. Saa haikuweza kutuambia lolote. Nilifurahi kuliko yeye. Maana yake, kwa kiwango chake cha sasa, meno hayatamfanya ashinde wala ashindwe. Kasi yake bado iko katika kona asizozilaza. Basi tukanunue kitu kitakachomwezesha kuzilaza bila kuchanika.

Uamuzi ulikuwa huu. Nyuma, ganda zito la kuteremka, kitambaa mara mbili, na mpira wa wastani, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalopigwa na mawe na ndilo linalomaliza mpira. Mbele, meno yasiyo na mfereji, mpira wa kunata, na ganda la daraja moja chini. Mbele ndiko ninakotaka kushika: gurudumu la nyuma likiteleza unaonywa, la mbele likiteleza unakuwa umeshaanguka. Upana inchi 2.5 mbele na 2.4 nyuma, kwa kuwa rimu zake zina milimita 30 ndani na zinafaa kwa hayo. Habari ya magurudumu ya inchi 29 mbele na 27.5 nyuma, ambayo sheria za mashindano ziliruhusu mwaka 2019, hatukuigusa kabisa. Fremu aliyonayo ndiyo aliyonayo.

Alibisha kuhusu mbele. Alitaka ganda zito kote kote, na hoja yake haikuwa mbaya: "Kaka, ni mimi nitakuwa juu yake." Bei ndiyo iliyoamua. Tairi moja zito lenye mpira wa kunata, pamoja na usafirishaji na ushuru, lilipita kile kilichobaki mfukoni kwake, na mimi nilikuwa nimeshaongeza nilichoweza.

Yalifika Alhamisi. Tuliyapima kwenye mizani ya jikoni, moja baada ya jingine. Mama aliingia akatukuta, akauliza tangu lini matairi yanapimwa na unga. Tukamweleza kwa nini la nyuma ni zito. Akalishika kwa mikono miwili, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akalishika la mbele, akabonyeza, akauliza mbona hili ni laini zaidi.

Mdogo wangu alinitazama mimi. Nilimweleza habari ya mapigo mengi kuwa nyuma, alisikiliza yote, akaondoka na mizani yake. Kesho yake asubuhi nilikuta pesa zimewekwa juu ya tarakilishi yangu, zimekunjwa, hazitoshi tairi zima lakini zinatosha ule mduara wa sponji wa gurudumu la mbele. Nimeshauagiza.

Tunaanza na psi 23 mbele na 26 nyuma Jumamosi hii, asubuhi kabla ya jua kali. Sponji ikifika tutapima upya, na nitaandika nambari hapa pamoja na skripti kwa anayeitaka. Python inarudi wiki ijayo.